Mtu Kuwa Kipimo cha Jiwe: Tafakari juu ya Picha za Baalbek na Palmyra

Katika machimbo ya Baalbek, nchini Lebanoni, lipo jiwe lililochongwa zama za Warumi likaachwa pale pale. Wenyeji huliita Hajar al-Hibla, yaani Jiwe la Mwanamke Mjamzito. Urefu wake unapita meta 20, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 1,000 hivi. Félix Bonfils, Mfaransa aliyefungua studio mjini Beirut mwaka 1867, aliuza picha za jiwe hilo zikiwa na watu waliosimama juu yake. Maandishi yaliyo chini ya picha yanataja mahali na jiwe. Watu hawatajwi.

Kwa ufundi, picha hizo zastahili sifa. Kioo kilichopakwa dawa kilipaswa kutumika kingali kibichi, na aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa, asije akatoka kama ukungu. Lakini aliwekwa pale kwa nini? Bila yeye, mtazamaji wa Paris au London asingetambua ukubwa wa jiwe. Hapo ndipo penye hoja yetu: aliye hai amefanywa kipimo cha kisicho na uhai.

Historia ya Palmyra, katika jangwa la Syria, yatuonyesha mtazamo wa namna hiyo uwezavyo kuishia. Hekalu la Beli liliwekwa wakfu mwaka 32 B.K. Baadaye likawa kanisa, kisha msikiti, na ndani ya ua wake kikakua kijiji kizima cha nyumba za udongo. Kwa mpenzi wa mambo ya kale, nyumba hizo zilifunika uzuri wa nguzo. Kwa wenyewe, zilikuwa kwao. Kati ya mwaka 1929 na 1932 watawala wa Kifaransa waliwahamishia wanakijiji kwenye mji mpya ulio karibu, na nyumba zao zikabomolewa. Mwezi Agosti 2015 kundi lililojiita Dola la Kiislamu lililipua hekalu lenyewe, na mwezi huo huo likamwua Khaled al-Asaad, mzee aliyesimamia magofu hayo kwa miaka 40. Ulimwengu uliomboleza, na ilikuwa haki. Hata hivyo, kabla ya baruti, hekalu lilikwisha kupoteza watu wake, na jambo hilo liliitwa uhifadhi.

Hapana budi tukiri upande wa pili. Picha zile zile zilizokusudiwa kuonyesha nguzo ndizo leo zinazoshuhudia kwamba kijiji kilikuwapo. Mpiga picha alihifadhi hata asichokithamini. Kwa hiyo tusizitupe. Tuzitazame upya, tukianzia kwa mtu.

Wanafunzi wa Yesu nao walistaajabia mawe ya hekalu, naye hakushiriki mastaajabu yao. Sisi tunaofundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu hatuwezi kuridhika kumwona akiwa kijiti cha kupimia majengo, hata yakiwa majengo yetu wenyewe. Katika usharika, mchungaji akikuta picha ya zamani ya kanisa na waumini waliopangwa mbele yake, asianze kwa kuuliza jengo lilikamilika lini. Aipeleke kwanza kwa wazee, wangali hai wawezao kusema: huyu ni fulani, binti wa fulani.