Mlo wa Kasino na Neno "Bure"

Mfasiri anayekabidhiwa maandishi juu ya hoteli za kitalii zenye kasino, hasa zile za mji wa Las Vegas nchini Marekani, aghalabu hujiandaa kupambana na msamiati wa mchezo: gurudumu, karata, dau na mashine za kubahatisha. Akifika kwenye kurasa za chakula hushusha pumzi. Kula ni kula, na lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya kula. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye hatari, kwani katika hoteli hizo chakula hakikutengwa na mchezo, na mfasiri akikitaja kama chakula cha mahali pengine popote, humpotosha msomaji bila ya kukusudia.

Tuanze na jambo dogo. Kwa wasemaji wetu wengi hoteli ni mahali pa kula kwanza, na kulala ni jambo la baadaye. Kibanda cha chai na chapati kando ya barabara huitwa hoteli ingawa hakina kitanda hata kimoja. Huko Las Vegas hoteli moja huweza kuwa na vyumba zaidi ya 3,000, na ndani yake mahali pa kulia kumi au zaidi. Sentensi isemayo kwamba mgeni alikula "katika hoteli ya tatu ya hoteli hiyo" haivumiliki. Yafaa "hoteli" iachiwe jengo zima, na kila mahali pa kulia paitwe mkahawa au mgahawa, hata kama mezani hapana kahawa. Asili ya neno haimfungi mtumiaji.

Neno "bafe" nalo limekwisha kuzoeleka mijini, na wanaopendelea "chakula cha kujipakulia" hatuna ugomvi nao. Linalotuhusu zaidi ni sababu ya kuwako kwa bafe hiyo. Hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941, ilianzisha desturi ya kuandaa usiku meza ndefu ya vyakula, mtu ajipakulie atakavyo kwa dola 1. Haikuwa biashara ya chakula. Nia ilikuwa kumzuia mgeni asiondoke baada ya maonyesho ya jukwaani, bali abaki karibu na meza za kamari. Hoteli nyingine ziliiga, na kwa muda wa miaka mingi zilikubali kupata hasara jikoni kwa kutegemea faida ya ukumbi wa mchezo. Hata mlaji aliyeketi kimya hakuachwa: watumishi wa mchezo wa keno walizunguka kati ya meza wakikusanya karatasi za dau, naye akaangalia namba zake ubaoni huku akitafuna.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Mchezaji anayecheza kwa muda mrefu hupewa mlo asioulipia mkahawani. Wamarekani huuita "comp", kifupi cha neno lao lenye maana ya kitu kitolewacho kwa heshima bila malipo. Mfasiri mwepesi huandika "chakula cha bure" na kuendelea na kazi yake. Je, ni bure?

Tuchukue gurudumu la Kimarekani. Lina vijumba 38, yaani namba 36 pamoja na sifuri mbili, lakini mshindi hulipwa kana kwamba vijumba ni 36 tu. Kwa hiyo katika kila dola 100 zinazowekwa, kasino hubakiwa kwa wastani na dola 5.26. Tuseme mtu anaweka dola 25 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne. Ameweka jumla ya dola 4,000, na hasara inayotarajiwa kwake ni kama dola 210. Karani wa kasino hufanya hesabu hiyo hiyo, kisha hutenga fungu lake kwa ajili ya chakula na chumba. Likiwa, mathalani, asilimia 30, mchezaji wetu atakula mlo wa dola 63. Kipande chake cha nyama kimekwisha kulipiwa, au kinatarajiwa kulipiwa, pale kwenye gurudumu.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika vitabu vya hesabu. Kwa kanuni za uhasibu zilizoanza kutumika kwa makampuni ya umma ya Marekani mwaka 2018, thamani ya mlo wa namna hiyo huandikwa kuwa mapato ya idara ya chakula, na kiasi hicho hupunguzwa katika mapato ya mchezo. Ikiwa mhasibu wa kasino mwenyewe haandiki "bure", mfasiri analipata wapi neno hilo?

Wako watakaopendekeza "zawadi". Zawadi haina karani anayehesabu saa za mpokeaji. Wengine watataka "takrima", neno zuri la ukarimu kwa wageni, lakini hapa Tanzania neno hilo lina historia. Mwaka 2000 liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ili kumruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Tangu hapo takrima huleta harufu ya mkono unaotoa ili upokee. Huenda mtu akasema kwamba ndiyo maana linafaa hapa. Sisi hatuafiki. Istilahi isiyosemwa ila kwa kukonyezana haifai kuandikwa katika hati ya serikali. Kwa sababu iyo hiyo tumeliweka kando "chambo": lina ukweli mwingi, ila ni hukumu, na mwenye kuhukumu awe msomaji.

Pendekezo letu ni "mlo wa rejesho". Watumishi wa serikali wanalijua rejesho katika mambo ya fedha, nalo huonyesha fedha inakotoka na inakoelekea: mchezaji ametoa, na sehemu fulani yarudi kwake kwa sura ya chakula. Kuna pingamizi moja lenye uzito. Mchezaji aliyeshinda usiku ule hupewa mlo pia, naye hakupoteza kitu cha kurejeshewa. Ni kweli, lakini hesabu ya kasino haifanywi kwa matokeo ya usiku mmoja, bali kwa wastani, na katika wastani huo mshindi ni mtu ambaye bado hajapoteza. Tumekubali neno lenye upungufu huo kuliko lile lisemalo uongo.

Tahadhari moja yahitajika. Istilahi hii ishikamane na namna ya kulipa, isishikamane na chakula. Tangu Wolfgang Puck alipofungua mkahawa wa Spago ndani ya maduka ya Caesars Palace mwaka 1992, na hasa baada ya Bellagio kufunguliwa mwaka 1998 pamoja na mikahawa yake ya fahari, chakula cha Las Vegas kimekuwa biashara yenye faida yake. Bafe nyingi zilizofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona hazikufunguliwa tena. Siku hizi watu wawili huweza kuketi meza jirani wakila samaki yule yule, mmoja kwa bei iliyoandikwa na mwingine kwa rejesho. Kumwita wa kwanza mlaji na wa pili mgeni, kama ilivyo katika baadhi ya tafsiri, ni kuwabadilisha watu ilhali kilichobadilika ni malipo.

Jambo hili si la Las Vegas peke yake. Kasino zimo katika hoteli za Dar es Salaam na Nairobi, na Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003. Afisa atakayeandika kwa Kiswahili masharti ya matangazo ya kasino atalazimika kuamua iwapo tangazo laweza kusema "kula bure". Twashauri, kabla ya kuliruhusu neno hilo, adai lifuatiwe papo hapo, kwa herufi za ukubwa ule ule, na kiasi cha dau na saa ambazo mchezaji hutakiwa kucheza kabla ya kuwekewa sahani.