Tui Lisikatike: Bef-stroganof katika Jiko la Kaole

Kuna dakika tatu ambazo mpishi wa Pwani hatoki jikoni hata akipigiwa hodi. Ni zile za kutia tui zito. Kifuniko kiko pembeni, makaa yamepunguzwa, upawa unateka na kumimina, unateka na kumimina. Akizembea, tui linakatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yenye chembechembe nyeupe, na mchuzi wa watu wanane umeharibika. Leo nachambua chakula cha Kirusi, bef-stroganof, kwa sababu nimegundua kwamba ugumu wake wote umo katika dakika tatu kama hizo. Aliyelelewa Kaole, hapa karibu na Bagamoyo, anao tayari mkono kinaoutaka.

Nimekua nikikila. Baba yangu alikuwa miongoni mwa Watanzania waliosoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba Februari 1961, wiki chache baada ya Lumumba kuuawa. Alirudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena, na chakula kimoja alichokizoea kwenye bwalo la wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipanga foleni kupata sukari na mafuta ya kupikia, na haradali hatukuwahi kuiona. Lakini ikipatikana nyama nzuri, Baba aliingia jikoni mwenyewe. Sisi watoto tulikaa barazani tukisikia harufu ya samli na kitunguu, tukijua leo hakuna dagaa.

Baba alipofariki hakuacha maandishi. Nilijaribu kukipika mara nyingi, na kila mara kikaharibika palepale. Haya ndiyo niliyojifunza.

Asili yake

Jina limetoka kwa ukoo wa Stroganov, matajiri wa Kirusi ambao utajiri wao wa mwanzo ulijengwa juu ya chumvi. Sisi wa Bagamoyo tunaoyajua mashamba ya chumvi hatuhitaji kuelezwa thamani ya biashara hiyo. Mapishi yake yalichapishwa katika kitabu cha upishi cha Elena Molokhovets, toleo la mwaka 1871: vipande vya nyama laini ya ng'ombe, siagi, unga wa ngano, supu, haradali, na mwishoni malai yaliyochachuka, ambayo Warusi huyaita smetana. Kitunguu hakimo. Uyoga haumo. Kitunguu, nyanya na viazi vilivyokatwa kama njiti na kukaangwa vilikuja baadaye, na mabwalo ya enzi ya Kisovieti yakakieneza chakula hiki mpaka kikawa cha mwanafunzi na mfanyakazi wa kiwandani.

Ukiondoa mapambo, yanabaki mambo matatu: nyama laini iliyoiva haraka, mchuzi mzito, na uchachu wa maziwa. Hapa Kaole kila moja lina kikwazo chake.

Nyama

Ng'ombe wetu ni zebu, mwenye nundu, aliyekula majani na kutembea mbali kutafuta maji. Nyama yake ina ladha kubwa, lakini ni ngumu. Tena huchinjwa usiku au alfajiri, na asubuhi tunainunua buchani ikiwa bado mbichi kabisa. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na hulegea polepole tu ikikaa kwenye ubaridi. Kwa mchuzi wa kuchemka saa mbili hilo halidhuru. Kwa bef-stroganof, ambayo nyama yake hukaa motoni dakika chache tu, linaharibu kila kitu.

Mwambie muuza nyama akupe sarara, ule mnofu wa ndani unaolala kando ya uti wa mgongo, ambao haufanyi kazi nzito. Ikikosekana, chukua steki isiyo na mishipa. Iweke kwenye friji usiku mmoja, mbili zikiwezekana. Kabla ya kukata, itie kwenye friza nusu saa ipate ugumu kidogo, kisu kiende sawa. Kisha tazama nyuzi zake zimelala upande gani, na ukate kwa kuzivuka, vipande vyembamba vyenye urefu wa kidole. Ukikata kwa kufuata nyuzi, meno ya mlaji ndiyo yatakayozikata.

Steki ikiwa ngumu sana, tumia dawa tunayoijua kwenye mishkaki: papai bichi lililopondwa. Utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini za nyama. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, dakika ishirini, kisha pangusa nyama ikauke. Usiilaze nayo usiku kucha. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapopata joto, na kikizidi utapata uji wa nyama. Sarara haihitaji papai kabisa.

Moto

Kosa jingine nililifanya kwa miaka: kutia nyama yote kwa mpigo. Jiko la mkaa hata likiwaka vizuri lina kikomo. Ukijaza sufuria, joto linashuka, nyama inatoa maji, na maji yakishajaa, joto haliwezi kupita nyuzi 100. Nyama inachemka na kuwa ya kijivu. Ile rangi ya kahawia yenye harufu inayowatoa watoto barazani huanza kujitokeza karibu na nyuzi 140, juu ya nyama iliyokauka.

Kwa hiyo gawa nusu kilo mafungu matatu. Kausha kila kipande. Tumia samli badala ya siagi. Hapa jiko la Pwani linalishinda la Moscow, maana siagi ina chembe za maziwa zinazoungua mapema, na katika samli zimeshatolewa. Tandaza fungu la kwanza vipande visigusane, dakika moja upande huu, nusu dakika upande ule, toa weka kwenye sahani. Endelea mpaka mafungu yaishe. Usiitie chumvi mapema ikakaa, kwa sababu chumvi huvuta maji nje. Itie inapokaribia kuingia sufuriani.

Katika sufuria hiyohiyo, bila kuiosha, punguza makaa na ukaange vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba mpaka vilegee na kuwa na rangi ya asali. Nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, kaanga dakika mbili ubichi wa unga uishe, kisha mimina kikombe kimoja cha supu ya mifupa kidogokidogo huku ukikwangua chini kwa mwiko. Ule ugando wa kahawia uliong'ang'ania sufuria ndio utamu wenyewe. Ongeza kijiko cha chai cha haradali na pilipili manga. Acha itokote dakika tano mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko.

Malai

Hapa ndipo niliposhindwa mara nyingi, na ndipo penye fundisho kubwa.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa mtindi, kikombe kizima, moja kwa moja ndani ya mchuzi unaochemka. Uligeuka madonge ndani ya sekunde kumi. Sababu inaeleweka: protini za maziwa yaliyochacha ziko tayari ukingoni mwa kugandana, na joto kali linazimalizia. Smetana huhimili zaidi kwa kuwa ina mafuta mengi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, na mafuta hayo hukaa kati ya protini yakizizuia kushikana. Mtindi una mafuta machache na maji mengi.

Jaribio la pili lilikuwa tui zito lililokamuliwa ndimu. Halikukatika, maana nilikuwa nyumbani kwangu. Lakini nilipoonja nilikuta mchuzi wa nyama wa nazi, mtamu wa kusifiwa, usiokuwa chakula cha Baba. Nazi haikubali kukaa nyuma.

Jaribio la tatu lilianza kwa kumkumbuka muuza maziwa aliyepita kwetu na baiskeli, na malai yaliyokaa juu ya maziwa yake. Chemsha lita tatu za maziwa mabichi vizuri, yapoe, yaweke kwenye friji usiku. Asubuhi engua malai yote ya juu. Yatatosha karibu kikombe kimoja. Yakiacha ubaridi, changanya vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, funika, acha juu ya meza kwa muda wa saa kumi na mbili. Mrusi wakati wa baridi hutafuta pembe yenye joto ili malai yake yachache. Sisi joto la Kaole linatosha. Yatakuwa mazito, machachu kidogo, yenye kung'aa. Hiyo ni smetana, imetengenezwa kilomita chache kutoka Bagamoyo mjini.

Ikabaki namna ya kuyatia. Hapo nikakumbuka jambo ambalo utotoni lilitukera. Mchuzi ukishaiva, Baba alikuwa akiitua sufuria na kuiweka sakafuni. Sisi tulidhani chakula tayari, tukakimbilia sahani. Yeye alitufukuza, akachuchumaa, akaanza kukoroga bakuli pembeni. Nilidhani anapooza chakula. Kumbe alikuwa anatia malai nje ya moto, kama bibi yetu alivyotia tui zito.

Fanya hivyo. Koroga kijiko cha chai cha unga wa ngano ndani ya malai. Wanga hujipenyeza kati ya protini na kuchelewesha kugandana. Teka upawa mmoja wa mchuzi moto, umimine ndani ya malai kama uzi, ukikoroga. Upawa wa pili. Wa tatu. Sasa malai yamezoea joto. Epua sufuria, ngoja mchemko utulie kabisa, kisha mimina malai yote na koroga polepole. Rudisha nyama pamoja na maji yake yaliyochuruzika. Weka kwenye makaa hafifu dakika mbili, bila kifuniko, na usiruhusu povu hata moja kupasuka. Unga uliomo utaivia kwa joto hilo. Onja chumvi, pakua.

Kisayansi tui na malai havikatiki kwa njia moja: tui huachana na mafuta yake, maziwa hugandana protini. Lakini kinga ni ileile: moto mdogo, kifuniko wazi, mkono usiosimama. Maarifa ya bibi wa Kaole yalikuwa yakimsubiri mwanawe arudi kutoka Moscow.

Hukumu

Nimekipika kwa njia hii mara nne mfululizo, na mara zote nne mchuzi ulibaki laini kama hariri. Ukile na viazi vya njiti au wali mweupe usio na nazi, ili uchachu wa malai usikike. Nusu kilo inatosha watu wanne. Kikibaki, kipashe juu ya maji ya moto, usikirudishe kwenye makaa; kikichemka kitakatika hata siku ya pili.

Katika makumbusho madogo ya magofu ya Kaole vimewekwa vipande vya vyombo vya China vilivyofika pwani hii karne nyingi zilizopita. Waliovileta hawakutufundisha cha kupakua ndani yake, tulipakua tulichojua. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu na chakula hiki. Basi ikiwa nyumbani kwako yupo mzee aliyesoma Moscow, Leningrad au Kiev, usimwulize tu alisomea nini. Mwulize alikula nini, simama naye jikoni anapopika, na uandike vipimo. Mimi sikuandika, na imenigharimu miaka kuelewa kwa nini sufuria iliwekwa sakafuni.