Sehemu ya Kumi ya Mililita

Mfupa wa shavu ukishafungwa kwa vibati vya titani, nyuzi zikatolewa na uvimbe ukashuka, mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani na ndugu zake humshukuru Mungu. Miezi inapita. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa imeunga vizuri, ila mwenyewe akisimama mbele ya kioo anaona shavu moja limebonyea, jicho limezama, na taa ya dari ikiwaka kivuli kinatua mahali ambapo zamani hakikuwapo. Waliowahi kudondoka kwenye bodaboda uso ukatangulia kwenye lami wanakijua kivuli hicho. Watu humwambia mgonjwa avumilie, patajaa penyewe. Hapajai.

Kilichopotea hapo ni mafuta. Pigo kubwa huyasaga, damu iliyovilia huyabana, usaha ukiingia huyala, na kovu linalokuja baadaye huivuta ngozi ndani hadi ikakaribia kugusana na mfupa. Tumezoea kuyasema mafuta ya mwili vibaya, mzigo wa kupunguzwa tu, lakini usoni yana kazi ya heshima. Ndiyo yanayoupa uso umbo lake, na ndiyo yanayoiwezesha ngozi kuteleza juu ya misuli tunapocheka na kutafuna. Wala hayakumwagwa ovyo. Mwaka 2007 Rod Rohrich na Joel Pessa wa Dallas, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwenye maiti: walidunga rangi ya buluu ndani ya mafuta ya uso, wakaipa muda, kisha wakapasua waone imefika wapi. Rangi haikusambaa uso mzima. Ilikwama kwenye mipaka, maana mafuta hayo yamegawanyika katika vyumba, kila chumba na kuta zake. Anayetaka kulijaza shavu lazima kwanza ajue ni chumba kipi kilichobaki kitupu.

Wazo la kuchukua mafuta ya mtu sehemu moja ya mwili na kuyapeleka usoni kwake ni la siku nyingi. Mwaka 1893 Mjerumani Gustav Neuber alieleza jinsi alivyotoa mafuta kwenye mkono wa mgonjwa na kuyaweka karibu na jicho, penye kovu lililokuwa limezama. Alitumia vipande vidogo, vya ukubwa wa haragwe au lozi, akasema vikubwa havifanyi vizuri. Naliheshimu sana neno hilo la Neuber, kwa sababu waliomfuata walichukua karibu miaka mia moja kulielewa. Wengine walikimbilia njia ya mkato. Ilizuka desturi ya kudunga parafini usoni, ikawaachia watu mabonge magumu yaliyovimba na kuhama kwa miaka. Huko Berlin, Eugen Holländer alijaribu kuchanganya mafuta ya binadamu na ya kondoo. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeruhi wa uso kwa maelfu: Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, akawashughulikia katika hospitali ya Sidcup nje kidogo ya London, na upande wa Ujerumani Erich Lexer akawa anapandikiza mabonge mazima ya mafuta. Mengi yalinyauka. Mwaka 1950 Mmarekani Lyndon Peer alionyesha kwamba mafuta yaliyopandikizwa hupoteza karibu nusu ya uzito wake baada ya mwaka mmoja au zaidi. Wapasuaji wengi wakaiacha kazi hiyo, na siwalaumu.

Sababu ya kunyauka ni rahisi kuieleza na ngumu kuishinda. Seli ya mafuta ikihamishwa inakuwa imekatwa na mshipa wake wa damu. Siku za mwanzo inaishi kwa oksijeni inayopenya kutoka kwa majirani, na oksijeni hiyo haifiki mbali. Timu ya Kotaro Yoshimura mjini Tokyo ililichunguza jambo hili kwa panya, na mwaka 2012 ikaonyesha kwamba seli za mafuta zilizosalia hai zilikuwa kwenye ukingo tu wa kipande, upana usiozidi theluthi moja ya milimita. Ndani kidogo ya hapo seli zilikufa, ila seli shina zilizokaa kati yake zilistahimili, zikazaa seli mpya mahali pa zile zilizokufa. Katikati kabisa kila kitu kilikufa. Bonge kubwa, basi, linakwenda na kifo chake ndani.

Aliyeijenga upya kazi hii ni Sydney Coleman wa New York, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakugundua dawa wala mashine. Alichofanya ni kugawa. Mkulima wa mpunga akihamisha miche haitupi tita zima kwenye tope. Huichomeka mmoja mmoja, kila mche na nafasi yake ya kushika mizizi. Coleman aliyapa mafuta nafasi ya namna hiyo, akaandika kila hatua kwa undani hata wengine wakaweza kumfuata.

Kazi huanza mgonjwa akiwa ameketi. Akilala, mashavu yanarudi nyuma na bonde linajificha, kwa hiyo alama zote huchorwa kwa kalamu kabla hajalala. Mafuta hutolewa tumboni au pajani kupitia tundu la milimita chache, baada ya kutangulizwa maji yenye ganzi na adrenalini, na baada ya kusubiri hadi mishipa midogo ya damu inywee. Zipo mashine za kunyonya mafuta, tena zenye nguvu. Wafuasi wa njia ya Coleman hutumia mkono: kanula butu (mrija mwembamba) iliyofungwa kwenye bomba la sindano la mililita 10, na kishindilio kinavutwa nyuma mililita moja au mbili tu. Mvuto mkali hupasua seli. Mtu anayeitazama kazi hii kwa mara ya kwanza angedhani mpasuaji anapoteza muda, kumbe kila pumzi ya upole hapo inahesabika baadaye.

Mabomba yakijaa yanazibwa na kuwekwa kwenye mashine ya kuzungusha, mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa dakika 3. Yakitoka, yamejigawa. Juu kuna mafuta ya majimaji yaliyovuja kwenye seli zilizopasuka. Hayo yanamwagwa, na masalia yake yanafyonzwa kwa pamba. Chini kuna damu na maji ya ganzi. Nayo yanaachwa yatoke. Katikati inabaki njano nzito. Hiyo ndiyo inayohamishiwa kwenye bomba dogo la mililita moja, na bomba hilo ndilo linalokwenda usoni.

Hapa ndipo ninapotamani kila msomaji angeweza kusimama karibu. Kanula butu inaingia kwa tundu dogo, inapita chini ya ngozi hadi mwisho wa njia yake, na muda wote huo kidole gumba hakisukumi chochote. Inapofika inaanza kurudi. Katika kurudi tu ndipo kidole kinapokandamiza, na nyuma ya ncha unabaki uzi mwembamba wa mafuta, kama sehemu ya kumi ya mililita hivi. Karibu na kope kiasi kinapungua hadi sehemu ya thelathini, hata ya hamsini. Kisha kanula inaingia tena, pembeni kidogo ya njia ya kwanza, au kwa kina tofauti: juu ya mfupa, kisha juu yake kidogo, kisha karibu na ngozi. Halafu tundu la pili, ili nyuzi mpya zipishane na za mwanzo. Shavu linalohitaji mililita 10 linadai safari mia moja za namna hii, na kwa mgonjwa ambaye mabonde ni matatu, hesabu inapanda. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni uso wa mtu.

Kule kusukuma wakati wa kurudi pekee, mbali na kuacha uzi mwembamba, kuna sababu ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza. Usoni mna ateri zinazoungana na ile inayolisha jicho. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu ndani ya mojawapo, yanaweza kurudi nyuma hadi huko na mtu akapofuka. Ncha butu huusogeza mshipa kando badala ya kuutoboa, na mkono unaorudi nyuma haubaki umesimama mahali pamoja ukimwaga. Adabu ya mkono ndiyo kinga.

Uso uliojeruhiwa una ugumu wake pia. Uso uliozeeka tu ni laini, kanula inapita. Uso uliogonga lami au uliopigwa risasi umejaa kovu, na kovu linashika. Mpasuaji analisikia mkononi kabla ya kuliona: ncha inakataa kwenda, ngozi ya juu inajikunja, mara inagusa kibati au skrubu ya upasuaji wa zamani. Nyuzi za kovu zinazoivuta ngozi chini inabidi zikatwe kwa ncha ya sindano, moja hapa, moja pale. Zikikatwa chache mno, bonde halinyanyuki hata ukijaza vipi. Zikikatwa nyingi mno, panafunguka mfuko chini ya ngozi, mafuta yanajikusanya humo, na tumerudi kwenye bonge linalokufa katikati. Hakuna kipimo cha kuweka mezani kinachosema zimetosha. Mkono unajua, kwa kuwa umewahi kufanya, na umewahi kumwona mgonjwa yuleyule miezi sita baadaye.

Kwenye Chuo Kikuu cha Pittsburgh, timu ya Peter Rubin, kwa fedha za jeshi la Marekani, iliipima kazi hii kwa namba. Wagonjwa walikuwa 20, wenye nyuso zilizoharibika, na ujazo ulipimwa kwa CT-Scan. Baada ya miezi 9 wastani wa asilimia 63 ya mafuta yaliyowekwa ulikuwa bado upo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kipimo cha mwezi wa 3 kilitabiri kile cha mwezi wa 9 kwa ukaribu wa kushangaza. Kwa mgonjwa hiyo ni habari kubwa. Wiki za kwanza uso umevimba na anadhani amewekewa mengi mno. Mwezi wa pili uvimbe unashuka na anaogopa kwamba yote yanayeyuka. Mwezi wa tatu daktari anaweza kumwambia, kwa ushahidi, kwamba hapa ulipo ndipo utakapokaa, na kama bado pamepungua wapange awamu ya pili. Wengi huhitaji awamu zaidi ya moja.

Mafuta yaliyoshika hubaki na tabia ya kule yalikotoka. Imeripotiwa kwamba yaliyotoka tumboni hunenepa mgonjwa akinenepa, shavu likazidi mwenzake. Kwa hiyo ushauri kuhusu uzito ni sehemu ya tiba. Na kazi ina mipaka yake: mafuta hayashiki nafasi ya mfupa uliokosekana, hayatengenezi pua wala mdomo uliokatika, na tundu la jicho lililovunjika sakafu lazima lijengwe kwanza. Yanakuja mwisho, wakati wa kuusawazisha uso.

Vifaa vyake vingi vinatosha kwenye trei moja. Mashine ya kuzungusha ikikosekana, wapo wanaoliacha bomba limesimama hadi mafuta yajitenge yenyewe, au wanaoyachuja kwa shashi. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kinatahini wapasuaji wa plastiki wa nchi zetu, na nafurahi kuona vijana wakiingia fani hii, kwani majeruhi wa bodaboda wanaohitaji mkono wa namna hii tunao wengi. Kilicho ghali ni muda wa meza ya upasuaji. Mtu mwenye shavu lililobonyea hafi kwa kusubiri, kwa hiyo orodha ikijaa yeye ndiye wa kwanza kuondolewa. Ningependa apangiwe siku yake, na siku hiyo apewe mpasuaji ambaye hana mgonjwa mwingine wa kukimbilia.