Risasi ya Juu, Bomu la Chini

Xevious ni mchezo wa mashine za sarafu uliotengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1982. Mchezaji anaongoza ndege moja ndogo iitwayo Solvalou, inayotazamwa kutoka juu. Ndege hiyo hubaki sehemu ya chini ya skrini, na ardhi inateremka chini yake bila kusimama, mpaka macho yanaamini kwamba ndege ndiyo inayokwenda mbele. Skrini yenyewe imesimamishwa kwa urefu, maana kinachohitajika ni kuona mbali mbele, si kuona pembeni.

Anayetaka kuelewa mtazamo huo bila kuwa na mashine afikirie ndege ndogo inayoshuka kwenye kiwanja cha mgodi wa Mwadui, nchini Tanzania. Songwa, eneo la jirani, inapita dirishani: bwawa, majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba, mabati yanayometa, njia za ng'ombe, kisha shimo kubwa la almasi lililoanza kuchimbwa mwaka 1940. Kutoka juu kila kitu kinabaki na umbo moja tu. Nyumba ni pembe nne, mbuyu ni duara, barabara ni uzi. Xevious imechorwa kwa lugha hiyo ya maumbo, na uzuri wake wote unaanzia hapo.

Michezo ya kufyatua iliyotangulia haikuwa na ardhi ya namna hiyo. Space Invaders ya mwaka 1978 na Galaxian ya 1979 zilipangwa kwenye anga jeusi, adui akiwa juu na mchezaji chini. Scramble ya Konami, ya 1981, iliongeza mabomu ya kudondosha, lakini ilitazamwa kwa ubavu. Namco ilitaka jibu la mchezo huo. Wazo la kwanza lilikuwa helikopta katika vita vya Vietnam, kisha kazi ikamwangukia kijana aliyekuwa mgeni kwenye kampuni, Masanobu Endo. Aliiacha Vietnam na kuunda dunia yake, yenye maadui waliopewa majina na historia yao, na mandhari yanayofuatana kama nchi halisi: misitu, mito, fukwe, nyika. Juu ya nyika hiyo amechora hata picha ya ndege, kiumbe mwenye mabawa, iliyo kwenye jangwa la Nazca nchini Peru, ile ambayo mtu akisimama ardhini hawezi kuiona ikiwa nzima. Mahali pengine ingekuwa pambo tu. Hapa ni sahihi kabisa, kwa sababu mchezo mzima ni wa mtu anayetazama dunia kutoka juu.

Vitufe ni viwili. Cha kwanza hufyatua risasi zinazokwenda moja kwa moja mbele na kupiga vitu vya angani peke yake. Cha pili hudondosha bomu, na bomu hupiga vya ardhini tu. Mbele ya ndege, kwa umbali usiobadilika, kuna alama ya shabaha. Bomu litaanguka mahali alama hiyo ilipokuwa wakati kitufe kinabonyezwa, na mpaka litue hakuna bomu la pili. Sheria hii ya bomu moja kwa wakati ndiyo moyo wa ufundi wa Xevious. Risasi zinaweza kumwagwa ovyo, lakini bomu lina gharama: likikosa, mchezaji analazimika kungoja huku kile alichokikosa kikimsogelea na kumrushia makombora. Mtoto aliyelinda mtama dhidi ya kwelea kwa manati anaijua hesabu hiyo. Jiwe likishatoka halirudi, na kundi halimsubiri atafute jingine.

Sekunde chache za mchezo zinatosha kuonyesha jinsi vitufe hivyo viwili vinavyougawa umakini. Solvalou inatoka juu ya msitu. Pete tatu za kijivu, zinazoitwa Toroid, zinateremka kutoka juu ya skrini. Mkono unasogeza ndege kushoto ili ikae kwenye mstari wao, na kidole kinaanza kufyatua. Wakati huohuo, mbele, kuba dogo linajitokeza mchangani na kufunguka katikati: ni Logram, na muda mfupi ujao litatema risasi. Sasa mchezaji ana mistari miwili ya kufuata. Toroid zinataka aelekee kushoto, Logram liko kulia. Akienda kulia mapema, pete zitamkatia njia. Akichelewa, kuba litapita chini ya alama ya shabaha na bomu halitalifikia tena, kwa kuwa alama haisogei karibu wala mbali. Mzoefu hupiga pete mbili, huiacha ya tatu ijiendee, na alama inapogusa ukingo wa kuba huwa ameshabonyeza. Toroid yenyewe humsaidia bila kujua. Ikishajiona iko sawa na ndege hugeuka na kukimbia pembeni.

Kila adui ana tabia yake kama hiyo, na hakuna aliyewekwa kujaza nafasi. Torkan huja, hupiga mara moja, kisha huondoka. Vibao viitwavyo Bacura huanguka vikizunguka na havivunjiki; mchezaji anavikwepa tu. Uvumi ulizagaa kwamba kibao kimoja kikipigwa risasi 256 kitapasuka, na watu waliujaribu kwa dhati, ingawa hakikuwahi kupasuka. Meli kubwa yenye pembe nane, Andor Genesis, hufunika sehemu kubwa ya skrini ikirusha risasi kutoka kila upande, lakini bomu moja likiingia katikati yake huimaliza.

Jambo la kupendeza zaidi halionekani kwa macho. Mchezo humpima anayeucheza: akifanya vizuri, ndege za adui zinazoletwa huwa kali zaidi. Ardhini kuna makuba yaitwayo Zolbak, na kuyalipua hupunguza ukali huo. Kwa hiyo anayejishughulisha na anga peke yake anajiongezea mzigo, na anayeikumbuka ardhi anajipatia nafuu. Endo hakuandika maelezo haya kwenye skrini. Aliyafanya yawe kweli, akawaachia wachezaji wayagundue.

Aliwaachia pia vitu vilivyofichwa kabisa. Mahali pasipo na chochote, bomu likitupwa sawasawa, mnara uitwao Sol huinuka kutoka ardhini na kuleta pointi nyingi. Kwingine imefukiwa bendera inayotoa roho ya ziada, nayo imetoka kwenye mchezo wa zamani wa Namco, Rally-X. Kupata vitu hivi kwahitaji kujua eneo kama mwenyeji anavyolijua: baada ya kona ya mto, kabla ya msitu, kidogo kulia. Mchezaji hakariri tu mfuatano wa maadui, anakariri nchi. Ndiyo maana Xevious haichoshi upesi ijapokuwa haina silaha za kuokota wala za kuongeza nguvu, vitu ambavyo michezo mingi iliyoifuata ilivitegemea. Solvalou ya dakika ya kwanza ndiyo hiyohiyo ya dakika ya ishirini. Kinachokua ni ujuzi wa anayeiongoza.

Afrika Mashariki mashine za sarafu hazikuenea sana. Toleo la televisheni lilitoka mwaka 1984 kwa mashine ya Famicom ya Nintendo, na kwa miaka mingi baadaye mashine za kuiga Famicom, zile za kaseti moja yenye makumi ya michezo, ziliuzwa madukani huku kwa bei ya chini. Televisheni imelala kwa upana, hivyo umbali wa kuona mbele ulipungua, na michoro ikawa mikavu kidogo. Hata hivyo risasi ilibaki ya juu na bomu la chini, na hilo lilitosha.

Safari nzima ina maeneo 16, yanayotenganishwa na misitu. Roho ikipotea baada ya mchezaji kuvuka karibu asilimia 70 ya eneo, inayofuata huanzia eneo la mbele, naye harudishwi nyuma; ni huruma iliyopimwa vizuri. Baada ya eneo la 16 hakuna mwisho. Ndege hurudishwa eneo la saba, juu ya ardhi ileile, na mchezo unaendelea mpaka roho ya mwisho itoke.