Arobaini ya Jaji Huot

Miaka 40. Hesabu hiyo haimo popote katika sheria aliyokuwa nayo mezani Jaji François Huot siku ile ya Februari 8, 2019, na hapo ndipo hukumu ya mauaji ya msikiti wa Quebec ilipoharibikia.

Tazama alivyoijenga. Mashtaka sita ya kuua kwa kukusudia, vifungo sita vya maisha. Matano ya kwanza akayapangia miaka 25 kila moja kabla ya haki ya kuomba parole, yaani kuachiliwa kwa masharti, yote yaende pamoja. La sita akaliwekea 15, ianze ile 25 ikiisha. Hiyo 15 imetoka wapi? Sheria ya 2011 iliacha njia mbili tu: vipindi vyote viende sambamba, mtu akae 25, au vifuatane kwa vipande vya 25, yaani 50, 75, hadi zile 150 walizoomba waendesha mashtaka. Huot aliona, na aliona sawasawa, kwamba 50 ni kumzika mtu hai na Katiba ya Kanada haikubali. Akishaona hivyo, kilichobaki ni kukitengua kifungu hicho cha sheria ya 2011. Yeye akakipachika maneno ya kwake, akajiruhusu kukata vipande vidogo. Na Bunge lilikwisha kuletewa pendekezo la namna hiyohiyo, likalikataa!

Antonio Lamer, Jaji Mkuu wa Kanada wakati huo, alilimaliza jambo hili katika kesi ya Schachter, 1992: jaji haongezi neno kwenye sheria mpaka iwe wazi kwamba Bunge lenyewe lingeliweka. Aliweka uzio, na majaji wa siku hizi wameufanya mlango. Nimelalamikia hili miaka nenda miaka rudi.

Si kwamba hukumu yote ya Huot ni mbovu: ina kurasa 246, na zinazosimulia ile jioni ya mauaji, Januari 29, 2017, ni kazi safi.

Lakini ile 40 haikudumu. Mahakama ya Rufani ya Quebec ilikifuta kifungu Novemba 2020. Mei 27, 2022 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubali kwa kauli moja na kukitangaza batili tangu 2011. Ikabaki 25. Tena nitarudia mpaka sauti inikauke: kufikisha 25 si kutoka gerezani, ni kupata haki ya kuomba, na kifungo ni cha maisha vilevile.

Lakini wajane walikuwa wameshapewa 40. Watoto 17 waliofiwa na baba walikua wakiijua hesabu hiyo. Muda huhesabiwa tangu mtu alipokamatwa, kwa hiyo sasa wanahesabia 2042.