Mguu wa Mbu wa Lupiro

Chini ya hadubini, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiani. Madoa ya mabawa ni yale yale, miguu ile ile. Kumbe mmoja hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, ilhali mwenzake huridhika na ng'ombe, na huwauma watu hata wakiwa bado uani. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, lenye mashamba ya mpunga yanayofurika kila masika, kujua nani ni nani ni kujua chandarua kitafika wapi.

Anayewatenganisha ni fundi sanifu wa maabara. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ndogo aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, imeulea ufundi huo. Mbu hunaswa kwa mitego ya taa katika vijiji kama Lupiro na Namwawala. Mguu mmoja tu unatosha: vinasaba hutolewa, kisha huongezwa kiasi kidogo mno cha kimeng'enya kiitwacho Taq polimerasi. Mashine huupasha moto na kuupoza mchanganyiko mara thelathini hivi, na kila mzunguko kimeng'enya hunakili kipande kile kile. Nakala hizo husukumwa na umeme ndani ya jeli. Kipande chenye jozi 390 za herufi za vinasaba ni cha gambiae, chenye 315 ni cha arabiensis.

Taq ilitoka kwa bakteria Thermus aquaticus, aliyegunduliwa na Thomas Brock katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Siku hizi jeni lake hupandikizwa ndani ya E. coli, bakteria wa utumbo, naye hukizalisha kimeng'enya kwa wingi. Kukisafisha kunapendeza mno: bakteria wakishapasuliwa, mchanganyiko wote hupashwa moto hadi nyuzi 75 hivi, protini za E. coli huganda na kuzama, Taq ikabaki majini, nzima.

Si kila kimeng'enya huvumilia moto hivyo; mfano ni kile kinachopokea sukari kwenye ini. Nusu ya sukari ya miwa inayosagwa Kidatu, kwenye njia ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara, ni fruktosi. Ikifika kwenye ini la binadamu hupokelewa na ketoheksokinasi, inayoibandika fosfeti. Kimeng'enya hiki nacho huzalishwa ndani ya E. coli, kwa ajili ya watafiti wa ini lenye mafuta, lakini moto ule ungekiharibu. Basi huongezewa mkia mfupi wa histidini, na wakati wa kukisafisha mkia huo hunaswa na nikeli. Mbinu mbili, na zote zinastahili heshima.

Ufundi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko mkononi mwa anayeitumia Taq maabara. Hutunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na Ifakara ni mji wa joto. Pipeti hupima mikrolita moja moja. Na katika kila kundi la sampuli huwekwa kichupa kimoja kisicho na mbu kabisa. Kichupa hicho kikitoa mstari kwenye jeli, uchafu umeingia, na majibu ya kundi zima hutupwa hata kama yanavutia. Kukubali kuitupa kazi ya siku nzima kwa sababu ya mstari mmoja ni uadilifu usioandikwa kwenye mashine yoyote.

Matunda yake yanaonekana bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga. Kadiri vyandarua vilivyoenea ndivyo mistari ya gambiae ilivyopungua, hadi arabiensis akabaki karibu peke yake. Kwa macho tu, daftari lingeendelea kuandika jina lile lile.

Kisha kuna Anopheles funestus, mwenye ndugu wanaofanana naye, akiwemo rivulorum anayeuma zaidi wanyama. Utafiti wa vijiji vya bonde hilo uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria yalibebwa na funestus, ingawa arabiensis walikuwa wengi kuliko yeye. Tangu hapo watafiti wa Ifakara wamemfuata hadi anakozaliwa: visima vya chemchemi, mabwawa yenye majani, na vijito vinavyotiririka polepole visivyokauka kiangazi. Maji ya namna hiyo ni machache, hayahami, na yanaweza kutiwa dawa ya viluwiluwi moja baada ya jingine.