Mrima Usio na Apollo

Tenzi za vita hupimwa mara nyingi kwa mizani ya Homer. Kwa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, uliohaririwa na J.W.T. Allen mwaka 1955, mizani hiyo hufaa zaidi pale inapokataa kulingana.

Iliad haijaenda mbali ila Apollo keshaingia. Kuhani wake amevunjiwa heshima, naye mungu huyo wa upinde, ushairi na uaguzi anawapiga Wagiriki kwa mishale ya tauni siku 9, akianza na baghala na mbwa. Baadaye anampiga Patroclus mgongoni, silaha zikamdondoka. Lakini mizani ya Zeus inapomwelemea Hector, Apollo anamwacha. Msikilizaji amepata wa kumlaumu: Hector hakushindwa na mtu tu, aliachwa na mungu wake.

Hemedi hana nafasi hiyo. Mungu wake ni mmoja, wala hana kambi. Mei 1889 ngome ya Bushiri bin Salim, karibu na Bagamoyo, ilivunjwa na jeshi la Wissmann, wengi wa askari wake wakiwa Wasudani walioajiriwa Misri. Desemba Bushiri alinyongwa Pangani. Mwaka 1890 Bwana Heri wa Saadani naye akasalimu amri. Mshairi muumini, aliye upande wa walioshindwa, aseme nini? Akisema ni kudra, amesema kweli ya dini yake. Ila kudra peke yake haisimulii vita. Humfunika shujaa na mwoga kwa shuka moja.

Ndiyo maana mzigo wa usimulizi umewaangukia watu: majina yao, miji yao, kauli zao. Kudra yenyewe imekaa katika umbo. Vina vitatu vya kwanza hubadilika kila ubeti, kama yabadilikavyo mambo ya waja. Kina cha bahari hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati, iwe siku ya ushindi au ya kilio.

Kuna kilichopotea. Homer, aliyeimba vita vya kale, aliweza kumlilia Hector ingawa ni adui. Hemedi, aliyeandika vita vya zama zake, hana machozi kwa Mdachi. Lakini hasara hiyo ina faida yake. Pasipo Apollo wa kusingiziwa, mja hubaki na tendo lake, na Mrima hubaki na historia ambayo watu wake wanaweza kuulizana.